Jicho na Mkono: Habari za Wafua Chuma wa Buhaya

Wahenga walisema, Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mtu asimamaye pwani akitazama jahazi likipita huona tanga na omo, lakini haoni mikono iliyozichonga mbao zake, wala haioni miaka ambayo mikono ile ilikaa karibu na mikono mingine mizee ikijifunza. Katika habari hii twataka kuuliza jambo moja: mkono hujifunzaje kazi? Je, ni kwa kuambiwa, au kwa kuona, au kwa kutenda? Tena, kazi iliyojulikana na watu kwa miaka elfu mbili, yawezaje kupotea katika muda wa maisha ya mtu mmoja? Tutajibu kwa habari za wazee wa Buhaya, magharibi ya ziwa la Victoria, ambao mwaka 1976 walijaribu kuikumbusha mikono yao kazi ya ujana. Lakini kwanza turuhusuni tuanze nyumbani, kwa habari ndogo ya kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita tulipewa kazi ya kuwafundisha watoto arobaini kusuka vikapu vya ukindu. Sisi hatukujua kusuka, lakini tulijua kuandika ubaoni. Basi tukamwuliza fundi mmoja namna ya kazi yake, tukayaandika maneno yake yote kwa utaratibu: chane ya kwanza ipite juu ya ile ya pili, kisha chini ya ile ya tatu, ikunjwe ukingoni, irudi. Watoto wakayanakili kwa mwandiko mzuri. Wengi waliyashika kwa moyo, na tulipowauliza walijibu bila kukosa hata neno moja. Tukafurahi. Kesho yake tukawagawia ukindu. Muda wa saa nzima hakuna hata mmoja aliyepata ukili wa urefu wa kidole. Chane zilifumuka, nyingine zikakatika, na wale waliojibu vizuri kupita wote walikuwa wakivitazama vidole vyao kama vitu vya mtu mwingine.

Tukaenda kumwomba bibi mmoja, jirani wa shule, aje atusaidie. Akaja na mkeka wake, akaketi chini ya mwembe. Sisi tukawapanga watoto mbele yake kwa mistari, kama darasani. Akatutazama, akacheka kidogo.

"Mwalimu, mwanangu," akasema, "hawa umewaketisha wanisikilize au wasuke?"

"Wasuke, bibi."

"Basi mbona wananielekea? Mkono wangu wa kulia wao wauona upande wao wa kushoto. Watasuka kinyume. Waje ubavuni pangu, na wengine wasimame nyuma ya mabega yangu."

Baada ya hayo hakusema tena neno kwa muda mrefu. Alisuka polepole, akafumua, akasuka tena. Kisha akampa kila mtoto chane zake. Walipokosea hakuwakemea, wala hakuwaeleza. Aliufumua ukili wa mtoto, akasuka mapindo mawili matatu mbele ya macho yake, akamrudishia. Siku zikapita hivyo. Juma la tatu lilipokwisha, watoto wengi walikuwa na ukili wa kutosha kushona kikapu kidogo, na wa kwanza wao alikuwa msichana ambaye katika kusoma alikuwa nyuma ya wenzake wote.

Jambo hili lilitusumbua moyo. Tuliona kwamba yako maarifa yasiyokaa katika maneno, nayo twaweza kuyaandika ukurasa mzima tusiyashike hata kidogo. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta habari za kazi za mikono za zamani, na katika kutafuta tukakutana na habari za Buhaya.

Buhaya ni nchi ya migomba na mvua, na mji wake mkubwa ni Bukoba. Siku hizi watu huitaja kwa ndizi na kahawa, lakini hapo kale ilikuwa pia nchi ya chuma. Si mbali na Bukoba pana kijiji kiitwacho Katuruka, na ndani yake pana mahali paitwapo Kaiija, yaani mahali pa kiwanda cha mhunzi. Wazee walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala katika karne ya 17, alikuwa na makao yake hapo, na wahunzi walimfanyia kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika Mmarekani mmoja, Peter Schmidt, mwenye elimu ya mambo ya kale. Alianza kwa kuwasikiliza wazee, kisha akachimba mahali walipomwonyesha. Chini ya udongo akakuta makaa na mabaki ya kazi ya chuma. Makaa yale yalipopimwa, yalionekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Basi masimulizi ya wazee hayakuwa hadithi za kupumbaza watoto. Mahali walipopaita pa mhunzi, kweli mhunzi alikuwapo, kabla ya mfalme yule kwa miaka mingi sana.

Yafaa hapa tueleze kidogo kazi yenyewe, maana watu wengi huchanganya kazi mbili na kuziita moja. Kazi ya kwanza ni kukitoa chuma katika mawe. Kazi ya pili ni kukifua chuma kilichokwisha kupatikana, kiwe jembe, au mkuki, au kisu. Hiyo ya pili twaijua sote, kwa kuwa mhunzi na fuawe yake waonekana hata leo katika masoko mengi. Ile ya kwanza ndiyo ngumu, nayo ndiyo iliyotoweka.

Wahaya walichimba shimo, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo ule hustahimili moto. Wakalijaza matete ya bwawani na kuyachoma. Juu ya shimo wakajenga tanuri, kimo chake chapata kifua cha mtu, na mawe ya kujengea yalikuwa ni mavi ya chuma, yaani takataka zilizoganda za kazi za zamani, pamoja na udongo uleule wa kichuguu. Mabomba ya udongo yakaingizwa ndani pande zote, na kila bomba lilikuwa na mvukuto wake wa ngozi na mtu wake wa kuvukuta. Mawe ya chuma yalichomwa kwanza katika moto wa kuni. Kisha makaa na mawe yalitiwa ndani kutoka juu, kidogo kidogo, na watu wakavukuta kwa masaa mengi pasipo kuuacha moto upoe. Ndani ya tanuri la namna hii joto hupita nyuzi 1,200. Hapo uchafu wa mawe huyeyuka na kushuka shimoni, na chuma hubaki kama donge, zito, lenye matundu, linalongoja nyundo.

Fikirini sasa, wasomaji wetu, ni mambo mangapi ambayo mtu alipaswa kuyajua hapo, na hakuwa na chombo chochote cha kupimia. Rangi ya mwali humwambia kama moto watosha. Sauti ya mvukuto humwambia kama bomba limeziba. Uzito wa jiwe mkononi humwambia kama lina chuma au halina. Nani awezaye kuyaandika hayo? Ukisema mwali uwe mweupe, ni weupe upi? Ukisema vukuta kwa nguvu, ni nguvu kiasi gani, na kwa mwendo gani? Mambo hayo hukaa katika jicho, na sikio, na bega la mtu aliyeyaona na kuyatenda mara nyingi.

Kwa sababu hiyo, katika nchi zetu nyingi mwana wa mhunzi hakupewa nyundo siku ya kwanza. Alianza kwa kubeba makaa. Baadaye alishika mvukuto, na hapo mvukutoni ndipo palipokuwa shule yake, maana aliketi karibu na moto siku nzima, akiona kila afanyalo fundi. Baada ya muda alishika koleo, akapiga pigo la pili baada ya pigo la baba. Hakuna aliyemwambia, "Leo twaanza somo." Alikuwa ndani ya kazi, na kazi ikaingia ndani yake. Alipofika umri wa kusimama peke yake, macho yake yalikwisha kuitazama kazi ile mara mamia, na mikono yake ilikwisha kushika kila sehemu yake.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo wa karne ya 20, chuma kutoka Ulaya kilizidi kuingia. Majembe ya dukani yakauzwa, na vyuma chakavu vikapatikana. Mhunzi hakuona sababu ya kutafuta mawe, kukata miti mingi ya makaa, na kukusanya watu wa kuvukuta kutwa, na hali chuma kipo kwa bei nafuu. Hatuwezi kumlaumu. Aliendelea kufua, ila alifua chuma cha wengine. Basi kazi ya pili ikaendelea kuishi kwa sababu ilitendwa kila siku mbele ya macho ya vijana. Kazi ya kwanza ililala. Hakuna mfalme aliyeikataza kwa siku moja, wala hakuna aliyeamua kwamba isahauliwe. Ilikosa siku za kutendwa, na kwa hiyo ikakosa mtoto wa kuiona.

Hata mwaka 1976, matanuri ya Buhaya yalikuwa yamelala kama miaka 50. Schmidt pamoja na mwenzake Donald Avery, mjuzi wa madini, wote wawili kutoka chuo kikuu cha Brown huko Marekani, wakawaomba wazee wajenge tena tanuri na kutoa chuma kama zamani. Walikuwako bado wazee waliofanya kazi ile walipokuwa vijana. Sasa walikuwa na mvi, na wengine nguvu zao zilikuwa zimepungua. Wakakubali. Wakatafuta udongo, na matete, na mawe, na ngozi za mivukuto.

Majaribio ya mwanzo hayakufaulu. Jambo hili twaomba lisipitwe upesi, kwa kuwa ndilo kiini cha habari yetu. Wazee wale hawakuwa wajinga, wala hawakuwa wamesahau. Walijua majina ya vitu vyote na taratibu za kazi. Mtu angewauliza, wangejibu, kama watoto wetu walivyojibu juu ya ukili. Lakini kujua kwao kulikuwa kumekaa miaka 50 bila mikono. Wakashauriana, wakabishana, wakabadili hiki na kile, wakawasha tena. Kidogo kidogo kazi ikaanza kurudi, na mwishowe chuma kikapatikana. Mwaka 1978 Schmidt na Avery walichapisha habari hizo katika gazeti la wataalamu huko Marekani, na watu wengi wa Ulaya na Marekani waliozisoma wakastaajabu.

Walistaajabu hasa kwa ajili ya mabomba. Schmidt na Avery waliona kwamba mabomba ya Wahaya yaliingia ndani sana ya tanuri, wakasema kwamba upepo wa mivukuto ulipata joto ndani ya bomba kabla ya kuufikia moto, na kwa hiyo moto ulizidi ukali. Huko Uingereza neno la kutia upepo wa moto tanurini lilianza mwaka 1828, kwa shauri la James Neilson wa Glasgow. Wataalamu wengine wamepinga maelezo ya mabomba ya Buhaya, na mabishano yao yamekuwa marefu. Hatutaki kuingia humo. Kwetu latosha hili, ya kwamba wataalamu waliokuwa na vyombo vya kila namna walilazimika kuketi karibu na wazee na kutazama, kama mtoto wa mhunzi alivyoketi mvukutoni.

Sasa twaweza kurudi kwa swali letu. Kuona kuna kazi gani, na kutenda kuna kazi gani?

Juu ya kuona, wenye elimu ya ubongo wametupa habari ya ajabu. Mwaka 1992, katika mji wa Parma huko Italia, Giacomo Rizzolatti na wenzake walikuwa wakichungua chembe za ubongo wa kima, zile ziamkazo kima anyooshapo mkono kuchukua kitu. Wakaona kwamba baadhi ya chembe hizo ziliamka pia wakati kima alipotulia kabisa, akimtazama mtu akichukua chakula. Yaani mtazamaji alikuwa hajainua mkono, na tayari sehemu ya ubongo iuongozayo mkono ilikuwa ikishughulika. Basi tumwonapo mtoto ameduwaa kando ya fundi, mdomo wazi, tusiseme upesi kwamba ni mvivu. Huenda ndani yake mkono umekwisha kuanza kazi.

Tena si binadamu peke yake ajifunzaye hivyo. Huko Gombe, kando ya ziwa Tanganyika, Jane Goodall aliona mwaka 1960 kwamba sokwe huchukua unyasi, akauingiza katika tundu la kichuguu, akautoa na mchwa wameung'ata, akawala. Miaka mingi baadaye Elizabeth Lonsdorf na wenzake waliwachungua watoto wa sokwe hao, na mwaka 2004 wakatoa habari zao. Watoto wa kike hukaa karibu na mama na kumtazama sana akivua mchwa. Watoto wa kiume hucheza na kubingirika huko na huko. Ikawa watoto wa kike waliijua kazi ile kama miaka miwili kabla ya ndugu zao wa kiume, tena waliifanya kwa namna ya mama zao. Mama hakuwashika mikono wala hakuwaita. Tofauti ilikuwa ni kutazama, na baada ya kutazama, kujaribu.

Lakini kuona kuna hila yake, na hapa tutaungama aibu yetu. Zile siku zote ambazo bibi alifundisha chini ya mwembe, sisi tulisimama kando tukitazama. Juma la tatu tulijiona tumeijua kazi. Tulipanda kiburi hata tukashika chane mbele ya watoto, ili tuwaonyeshe namna ya kukunja ukingo. Vidole vyetu vikakwama pindo la pili. Watoto waliinamisha vichwa ili wasicheke, na bibi akajifanya anatafuta kitu katika mkeka wake.

Baadaye tulisoma kwamba hatukuwa peke yetu. Mwaka 2018 Michael Kardas na Ed O'Brien wa chuo kikuu cha Chicago walichapisha habari za majaribio yao. Waliwaonyesha watu picha zitembeazo za mtu afanyaye jambo gumu la mikono, kama vile kukivuta kitambaa cha meza kwa ghafula na vyombo visianguke, au kurusha vishale vikafika katikati ya shabaha. Wengine walionyeshwa mara moja, wengine mara ishirini. Wale wa mara ishirini walisadiki zaidi kwamba waweza. Walakini waliotazama urushaji wa vishale mara nyingi, walipojaribu, hawakuwapita wale waliotazama mara moja. Kutazama bila kutenda kuliongeza imani yao, na ustadi ukabaki palepale. Siku hizi picha za namna hiyo zimejaa katika simu za mkononi, na kijana aweza kutazama kazi kumi za mikono kabla ya kulala. Ni jambo jema, maana jicho lahitaji mfano. Ila asubuhi yake asiposhika jembe, au sindano, au randa, amelala na ndoto tu.

Na kutenda nako kuna siri yake. Mwaka 1897 Wamarekani wawili, William Bryan na Noble Harter, walitoa habari za watu waliojifunza kazi ya simu ya waya, ile ya kugonga na kusikiliza herufi. Waliwapima juma kwa juma. Wakaona kwamba mwanafunzi huendelea vizuri, kisha katika kupokea maneno husimama. Majuma hupita, naye hujitahidi kila siku, wala hapati faida yoyote ionekanayo. Wengi hukata tamaa hapo. Lakini yeye asiyeacha, ghafula huanza kupanda tena. Bryan na Harter walieleza kwamba mwanzo mtu husikia herufi moja moja. Baadaye husikia neno zima kama kitu kimoja. Mwisho husikia maneno mengi pamoja. Wakati ule wa kusimama hakuwa amelala. Vile vipande vidogo vilikuwa vikiungana ndani yake, na kuungana kwao hakuonekani kwa nje mpaka kumetimia.

Sisi walimu tumeliona jambo hili katika kusoma. Mtoto huita herufi, b na a, miezi mingi, hata mzazi huja kuuliza kama mwana wake ana akili. Kisha siku moja mtoto husoma "baba" pasipo kusimama. Katika ukili ni vivyo hivyo. Mwanzo ni chane moja, juu, chini. Baadaye ni pindo zima. Mwisho vidole hujiendea, na msukaji azungumza na wenzake habari za harusi. Bibi yule alijua hayo pasipo kusoma habari za Wamarekani. Kwa sababu hiyo hakuwakemea waliokwama. Aliufumua tu ukili, akawarudishia.

Tukiyakusanya haya yote, twaona kwamba jicho hufungua mlango, na mkono ndio uingiao ndani. Tena mlango haukai wazi siku zote. Wahaya walikuwa na bahati moja, kwamba mwaka 1976 walikuwako bado watu ambao macho yao yaliona na mikono yao ilitenda. Kama wataalamu wale wangalichelewa miaka 20, wangalikuta mavi ya chuma ardhini na majina ya mahali, basi. Wangalijua kwamba chuma kilitolewa hapo, lakini nani angalijenga tanuri, akashindwa, na kuyatambua makosa yake kwa kuyakumbuka?

Kwa hiyo twawauliza wasomaji wetu: katika kijiji chenu, ni kazi gani ambayo leo yajulikana na wazee wawili watatu tu? Pengine ni kufinyanga chungu kisichopasuka motoni, au kuchonga mtumbwi, au kutega mzinga wa nyuki, au kuezeka nyumba isivuje. Hatusemi kwamba kila kazi ya zamani irudi. Hakuna haja leo ya mtu kuyeyusha mawe ili apate jembe la kulimia viazi. Baadhi ya kazi zimekwisha kwa haki, nasi twaweza kuziacha kwa shukrani. Bali yafaa tuziache kwa kupenda, tukijua tunachokiacha, maana ikiwa yote yatuponyoka kwa sababu ya kutokuwa na mtoto aliyeketi karibu, hatukuchagua lo lote. Mwacha asili ni mtumwa, nao utumwa wa namna hii huja pasipo kelele.

Kazi ya kuzuia hasara hii si kubwa, wala haihitaji fedha nyingi. Mzee akifanya kazi yake, watoto wasifukuzwe. Wapewe sehemu ndogo ya kazi yenyewe: kuchochea moto, kushika kamba, kukanda udongo. Waketi ubavuni pake, si mbele yake. Wakikosea, kazi ifumuliwe, waanze tena, na mzazi asihesabu majuma. Nasi walimu tukumbuke kwamba ubao una kazi yake na mkeka una kazi yake, wala kimoja hakiwezi kukikalia kiti mwenziwe.

Bibi yule amezeeka sana sasa. Mikono yake hutetemeka, hawezi tena kubana ukili. Kati ya watoto wale arobaini, wengi wamekwisha kuuacha ukindu, kama ilivyo desturi ya watoto. Lakini msichana yule aliyekuwa nyuma katika kusoma husuka hata leo. Mwezi uliopita tulipita kwao jioni, tukamkuta ameketi barazani na ukili mrefu mapajani, na mdogo wake ameketi ubavuni pake, chane nne mkononi, akiufumua wa kwake kwa mara ya sijui ngapi. Hawakuwa wakisema neno. Tukawaamkia, tukaomba mkeka, nasi tukaketi upande wa pili.